Mwanangu hulala mdomo wazi, na uso wake unabadilika

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Sakina hapa Arusha, na nimeisoma safu hii kwa muda mrefu bila kuwahi kuandika. Leo ninaandika kwa ajili ya mwanangu wa pili, wa kiume, ambaye ametimiza miaka 7 mwezi uliopita. Tangu akiwa na miaka 3 hivi hulala mdomo wazi na kukoroma. Mwanzoni tulikuwa tunacheka, baba yake akisema mtoto anakoroma kama mzee aliyetoka kilabuni kunywa mbege. Siku hizi hatucheki. Usiku anajigeuzageuza, anarudisha shingo nyuma kama anayetafuta kitu darini, na mara nyingine mkoromo hukatika ghafla, chumba kikawa kimya kwa muda ambao mimi nauhesabu moyoni, kisha hushtuka kwa kishindo na kuanza tena. Kila asubuhi foronya yake imelowa mate, na mara mbili au tatu kwa wiki shuka nalo limelowa mkojo, ingawa alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani alipokuwa na miaka 4.

Mchana pua yake huwa imeziba karibu siku zote, na nimemwekea matone ya puani ya dukani tangu mwezi wa tano bila mafanikio. Anakula taratibu mno. Nikipika machalari anachagua ndizi zilizolainika na kuiacha nyama. Nikimlazimisha kula nyama, anatafuna mara mbili tatu, anafungua mdomo avute pumzi, ndipo anaendelea. Mwalimu wake ameniambia kwamba anasinzia darasani kabla hata ya saa nne, na kwamba akiitwa kutoka nyuma hageuki, nami sijui kama ni utundu au ni masikio.

Kilichonisukuma kuandika ni picha. Nilikuwa napanga albamu, nikaiweka picha yake ya chekechea kando ya ile ya darasa ya mwaka huu, nikaona kama watoto wawili tofauti. Uso umerefuka, chini ya macho kuna weusi, mdomo wa juu umekuwa mfupi na haukutani na wa chini, meno mapya ya mbele yamechomoza tena yana madoa ya kahawia, na kidevu kimerudi nyuma. Nilimpeleka kliniki moja ya meno, wakamtazama kwa dakika chache, wakasema taya ni dogo na meno yamebanana, nisubiri afikishe miaka 12 afungwe waya, na bei waliyonitajia ilininyima usingizi. Hakuna aliyeniuliza mtoto analalaje.

Nyumbani kila mtu ana lake. Baba yake anasema hiyo ni sura ya ukoo wao. Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Marangu, amemmulika kooni kwa tochi ya simu akasema ni kimeo kirefu, na kwamba anamfahamu mtu anayekikata. Jirani anasema ni nyama za puani na zitaisha zenyewe akikua. Binti yangu wa miaka 13 ameona kwenye simu watu wanaoziba mdomo kwa plasta wakati wa kulala ili uso upendeze, na anataka tumjaribie mdogo wake. Daktari, ni kweli kwamba kupumua kwa mdomo kunaweza kubadilisha uso wa mtoto? Na kati ya hawa wote nimsikilize nani?

Mama mwenye mashaka, Sakina

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, kwa sababu umeandika mambo ambayo wazazi wengi huyasahau wakishakaa mbele ya daktari. Umeuliza kuhusu uso, nami nitakujibu kuhusu uso, lakini kilichonishtua mimi ni ule ukimya unaouhesabu moyoni. Mtoto anayekoroma, kisha mkoromo ukakatika, kisha akashtuka kwa kishindo, yaelekea njia yake ya hewa inajifunga akiwa usingizini. Hilo ndilo la kushughulikiwa kwanza, kabla ya meno na kidevu na kabla ya mtu yeyote kukutajia bei ya waya.

Kabla sijaeleza chochote, kuna mawili ya kuzuia usiku huu huu. Plasta isikaribie mdomo wa mwanao. Mtoto ambaye pua yake imeziba anafungua mdomo kwa sababu hiyo ndiyo njia iliyobaki, na kuiziba njia iliyobaki ni hatari tupu, hata kama walioonyeshwa kwenye simu ya binti yako walikuwa watu wazima wanaotabasamu. La pili ni kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo hakizibi pua, na kukikata hakufungui pua. Nyembe za wakata kimeo zimeleta pepopunda, zimeleta usaha, na zimewatoa watoto damu mpaka wakahitaji kuongezewa nyingine, na wapo ambao hawakuwahi kufika hospitali. Mama mkwe wako amefanya jambo moja la maana sana, nalo ni kumulika koo la mtoto, jambo ambalo kliniki uliyokwenda haikulifanya. Yawezekana kabisa alichokiona ni mafindofindo, yaani zile tonsesi, yakiwa yamevimba pande zote mbili na kukisukuma kimeo mbele, na macho yake yakasimama kwenye kile anachokifahamu. Mshukuru kwa tochi, umkatalie wembe.

Sasa swali lako. Fumba mdomo, mama, utulie kidogo, kisha uutafute ulimi wako uko wapi. Kama unapumua vizuri kwa pua, utaukuta umelala juu, umegusa kaakaa, ncha yake ikiwa nyuma kidogo ya meno ya mbele. Nguvu yake hapo ni ndogo mno, lakini ni ya saa nyingi za mchana na usiku, na meno pamoja na mfupa unaoyashika husikiliza nguvu ndogo ya muda mrefu kuliko nguvu kubwa ya mara moja. Waya za meno zenyewe hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Kwa nje mashavu yanabana taya la juu, kwa ndani ulimi unalishikilia, na katikati ya hao wawili taya hukua likiwa na upana wake.

Mtoto akilazimika kupumua kwa mdomo, ulimi hushuka chini ili hewa ipite juu yake. Mashavu yanabaki yakibana bila mpinzani. Taya la juu linakua likiwa jembamba, safu ya meno inaacha kuwa na mviringo mpana na kuchongoka kwa mbele, na kaakaa linaingia juu kama paa la msonge. Tena kaakaa ni dari ya mdomo lakini hapo hapo ni sakafu ya pua, kwa hiyo sakafu ikiwa nyembamba chumba cha juu nacho kinakuwa chembamba, na pua iliyokuwa imezibwa na kitu kingine sasa inabanwa na mfupa wake wenyewe. Huku chini, taya lililoachwa likining'inia mchana kutwa na usiku kucha huelekea kukua likishuka na kurudi nyuma badala ya kwenda mbele. Magego, kwa kuwa hayakutani na wenzake kama yanavyopaswa, huendelea kuchomoza yakiufuata ule uwazi, na sehemu ya chini ya uso inarefuka. Mdomo wa juu usiofumbwa hauyashikilii meno ya mbele, nayo yanatoka nje. Na ile shingo anayoirudisha nyuma usingizini ni mwili unaonyoosha bomba la hewa. Usimnyooshe kwa kudhani amelala vibaya.

Haya si mageni. Mwaka 1868 daktari Wilhelm Meyer wa Copenhagen alizieleza kwa kina zile nyama zinazoota nyuma ya pua, mahali pasipoonekana hata ukimmulika mtoto kwa tochi, akaeleza na jinsi zinavyoharibu upumuaji, matamshi na usikivu. Mwaka 1970 Mswidi Sten Linder-Aronson alichapisha vipimo vya nyuso za watoto waliokuwa na nyama hizo na pua kuziba, akiwalinganisha na wenzao waliopumua vizuri, akakuta taya la juu jembamba na uso mrefu zaidi kwa chini. Tena alipowafuatilia kwa miaka baada ya kutolewa nyama hizo, alikuta wengi waliorudi kupumua kwa pua wameanza kurejea kwenye ukuaji wa kawaida. Kule Marekani, katika chuo kikuu cha California mjini San Francisco, Egil Harvold na wenzake waliwaziba kima pua ili waone kitakachotokea. Kima wote walilazimika kupumua kwa mdomo, lakini kila mmoja alijipangia namna yake: mwingine aliteremsha taya moja kwa moja, mwingine alilifungua na kulifunga kwa kila pumzi, mwingine aliutoa ulimi nje. Nyuso zao ziliharibika kwa namna tofauti tofauti kulingana na mkao ambao kila mmoja aliuzoea.

Nimekutajia kima hao kwa sababu wananisaidia kumjibu mzee wa nyumba. Baba yake hajakosea kwa kiasi chake. Uso mrefu hurithiwa, taya dogo hurithiwa, na wapo watoto wanaopumua kwa mdomo miaka mingi wakabaki na sura nzuri kabisa, kama wapo wenye nyuso ndefu ambao pua zao ziko wazi kama dirisha. Pua iliyoziba haichongi uso mpya kutoka hewani, bali inausukuma ule aliorithi kuelekea upande mmoja. Mwombe baba yake atafute picha yake mwenyewe ya utotoni, ya umri huo huo wa miaka 7, muiweke kando ya ya mtoto. Kama mdomo wa baba umefumba na wa mwana uko wazi, ukoo una kesi dhaifu. Nawe usizisome zile picha zako mbili kwa ukali kupita kiasi, kwa maana kati ya chekechea na darasa la pili uso wa kila mtoto hurefuka, na meno ya mbele ya kudumu huonekana makubwa kwenye uso mdogo mpaka uso utakapoyafikia.

Madoa ya kahawia yaweke kando kabisa. Hayo ni ya maji yetu. Miamba ya volkano inayouzunguka mlima Meru inatia floraidi nyingi katika vyanzo vingi vya maji ya huku, na jino linalojijenga ndani ya fizi wakati mtoto anakunywa maji hayo hutoka likiwa na madoa. Wenyeji wengi wa Arumeru wana meno hayo na wanapumua bila shida.

Turudi kwenye pua. Kwanza hakikisha kwamba imeziba kweli, maana si kila mtoto mwenye midomo iliyoachana anapumulia mdomoni. Asubuhi moja ya baridi chukua kioo kidogo, mweke mtoto akae wima, mwambie afumbe mdomo, ukishikilie kioo chini ya pua yake kikiwa kimelala. Pumzi ikitoka utaona mawingu mawili ya ukungu, moja kwa kila tundu. Yakiwa sawa na makubwa, pua inapitisha hewa, na mdomo wazi huenda ni mazoea au midomo mifupi. Yakiwa madogo sana, au moja likikosekana, una habari ya kumpelekea daktari. Mimi kazini hufanya jaribio la kizembe zaidi: namwambia mtoto afumbe mdomo anitazame machoni, nami nahesabu. Mwenye pua nzima huanza kunicheka nikifika 20. Mwenye pua iliyoziba, nikifika 12 au 15, tundu za pua zinatanuka, mabega yanapanda, na midomo inaachia kwa sauti ndogo kama kifuniko cha chupa. Jambo moja zaidi: kama upande mmoja tu ndio uliozibika na unatoa uchafu wenye harufu mbaya, wahi hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa mara nyingi mtoto amejiingizia punje au shanga. Na kama kuna uwezekano kwamba ameingiza ile betri ndogo ya mviringo ya saa au ya mwanasesere, usingoje hata saa 1, maana huunguza nyama za ndani ya pua kwa haraka.

Kipimo cha pili ni cha simu, nacho ndicho chenye thamani kuliko vyote utakavyokwenda navyo. Mrekodi akiwa amelala, si mwanzoni mwa usiku bali kuanzia saa nane hadi saa kumi, dakika 2 au 3 kwa usiku 3 tofauti, blanketi likiwa limeshushwa ili kifua na tumbo vionekane. Taa hafifu yatosha. Daktari anataka kuona kama kifua kinavutwa ndani wakati tumbo linapanda, na anataka kusikia pale mkoromo unapokatika. Vipimo vya usiku mzima vya maabara ya usingizi ni vya shida kupatikana kwetu, kwa hiyo video ya mama pamoja na kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni hubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Ukishakuwa na video, mwone daktari wa masikio, pua na koo. Anzia hospitali yenu ya rufaa ya mkoa, nao wakiona haja watakuandikia barua ya kwenda KCMC pale Moshi, hospitali ya kanda iliyopo tangu mwaka 1971 na yenye idara ya magonjwa hayo. Ni kilomita 80 hivi, unaondoka na basi la asubuhi na kurudi jioni. Mweleze daktari mambo manne bila kungoja kuulizwa: pumzi inayokatika, mkojo wa kitandani uliorudi baada ya kuacha, kusinzia darasani, na kutogeuka anapoitwa. Hayo yote manne yanaweza kuwa na mzizi mmoja. Zile nyama za nyuma ya pua zimekaa jirani na mlango wa mrija unaopitisha hewa kwenda kwenye sikio, na zikiuziba, maji mazito hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto akawa anasikia kama aliyezamisha kichwa ndani ya beseni. Omba apimwe usikivu. Mwambie na mwalimu, kwa sasa, amkalishe mbele, na watu waache kumwita mtundu.

Daktari atamwangalia koo, pengine atapiga picha ya eksirei ya shingo kwa ubavu au kupitisha kamera nyembamba puani, kisha atakueleza kama ni nyama za puani, mafindofindo, mzio, au vyote kwa pamoja. Ikiwa mzio una sehemu kubwa na pumzi haikatiki sana, anaweza kuanza na dawa ya kupuliza puani ya kutuliza uvimbe, ya wiki kadhaa. Dawa hiyo hushindwa kwa wengi kwa sababu ya namna wanavyoipuliza. Usielekeze ncha katikati ya pua, kwenye ule ukuta unaogawanya tundu mbili, kwani utamkausha na kumtoa damu. Ielekeze nje, upande wa sikio la tundu lile lile, mtoto akiwa ameinamisha kichwa kidogo mbele, naye asivute kwa nguvu kama anayenusa ugoro. Itumike kila siku, hata siku ambayo pua inaonekana nzuri. Yale matone uliyomwekea tangu mwezi wa tano yaache. Kama ni yale ya efedrini au jamaa zake, hayatakiwi kuzidi siku 5 hivi, kwa sababu yakizidi pua huyazoea na kuvimba zaidi yanapokwisha, nawe unaongeza tone ukidhani ugonjwa umekua. Matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa hayana ubaya huo.

Chumba chake nacho kikague. Jiko la mkaa linalowashwa koridoni, dawa ya mbu ya kuchoma, blanketi lisilofuliwa tangu msimu wa baridi uliopita, zulia, paka anayelala kwenye mto wake wa kulalia: vyote hivyo huvimbisha pua, na vumbi la Sakina wakati wa kiangazi halihitaji maelezo yangu.

Jirani yako naye ana nusu ya ukweli. Nyama za puani huwa kubwa zaidi kati ya miaka 3 na 7 hivi, kisha husinyaa kadiri mtoto anavyokaribia balehe. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2013 uliwagawa watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 wenye pumzi zinazokatika usingizini, wengine wakafanyiwa mapema upasuaji wa kutoa nyama hizo na mafindofindo, na wengine wakasubiri chini ya uangalizi. Baada ya miezi 7 vipimo vya usingizi vilikuwa vimerudi kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa, na kwa asilimia 46 ya waliosubiri. Kwa hiyo kusubiri si upuuzi, ikiwa hali si kali na daktari ndiye anayesubiri pamoja nawe. Lakini mwanao amesubiri miaka 4 tayari bila daktari, na dalili zinaongezeka badala ya kupungua. Tena uso hausubiri. Nyama zikisinyaa zenyewe akiwa na miaka 12, zitakuwa zimeondoka baada ya kupita miaka ile ambayo taya la juu lilikuwa rahisi kulielekeza, nalo mkao wake halitaurudisha kwa sababu tu mlango umefunguliwa.

Kama upasuaji utashauriwa, usiuogope kupita kiasi wala usiuchukulie kama kung'oa jino la utotoni. Hufanywa kwa nusu kaputi, kwa njia ya mdomo, bila kidonda chochote usoni. Kabla yake watampima wingi wa damu na kundi la damu, na ni vyema kujua kama ana selimundu. Baada yake koo litakuwa na utando mweupe na mdomo utanuka. Huo si usaha. Damu ndiyo ya kuangaliwa, saa 24 za kwanza na tena kati ya siku ya 5 na ya 10 utando unapobanduka. Ukimwona anatema damu mbichi, au anameza mate mara kwa mara usingizini, mrudishe hospitali bila kungoja kupambazuke. Kwa sababu hiyo asipelekwe kwa bibi Marangu katika wiki 2 hizo, hata kama mtori wa bibi ndio hasa chakula kinachomfaa. Mpe dawa za maumivu kwa saa zake, si mpaka alie, na asipewe yenye kodini, ambayo watoto waliotolewa mafindofindo hawatakiwi kuitumia.

Baada ya pua kufunguka, mdomo unaweza kuendelea kubaki wazi kwa mazoea tu. Hapo ndipo pa kumkumbusha afumbe mdomo anapoandika kazi ya shule, na kumpa vitu vya kutafuna kweli. Nyama ya machalari itakupa jibu kabla ya daktari: siku atakapoitafuna mdomo ukiwa umefumba mpaka akaimeza, utajua hewa inapita.

Na waya? Waliokuambia miaka 12 hawakukudanganya kuhusu waya zenyewe, kwa sababu nyingi hufungwa meno ya kudumu yakishatoka karibu yote. Kosa ni kukuambia usubiri bila kutazama kitu kingine. Chama cha madaktari wa mpangilio wa meno cha Marekani hushauri mtoto aangaliwe mara ya kwanza asizidi miaka 7, na kwa mwanao kuna sababu: mshono wa katikati ya kaakaa bado haujaungana, na kama taya lake la juu ni jembamba kweli, kifaa cha kulipanua hufanya kazi kwa urahisi zaidi sasa kuliko akishabalehe. Ila akitokea mtu wa kukuuzia kifaa hicho kama tiba ya kukoroma, uwe mgumu. Chama hicho hicho, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, hakikuunga mkono kumpanulia mtoto kaakaa kwa ajili ya pumzi peke yake ikiwa taya lenyewe halina haja hiyo. Usilipe malipo ya awali popote kabla daktari wa pua hajasema neno lake. Kwa sasa, msugue vizuri fizi za mbele, ambazo hukauka na kuvimba kwa hewa ya mdomoni.

Zile video za usiku usizifute hata baada ya matibabu. Miezi 3 baadaye mrekodi tena, saa zile zile, blanketi likiwa limeshushwa vile vile, uzipeleke zote kwa daktari azilinganishe. Na kama mkoromo utakuwa bado unakatika, mwambie siku hiyo hiyo, kwa sababu wapo watoto ambao upasuaji peke yake hauwamalizii tatizo, nao hutafutiwa njia nyingine.